Gari la Mtaliano Lililoshuka Kipili Kinyumenyume

Ndugu zangu wa Majengo,

Mmenichosha. Kila nikikaa kunywa chai mnaniuliza lile gari la chuma lilifikaje Kipili, na kwa nini lilifika limetanguliza matako. Nikianza kusimulia, huyu anadakia, yule anacheka, na mimi nikiona watu wanacheka naongeza. Mara ya kwanza gari lilikuwa na magurudumu manne. Mwezi uliopita nilijisikia mwenyewe nikisema lina kumi na mawili. Basi nimeamua kuandika. Kalamu haipigiwi makofi, labda itasema kweli. Mnajua mimi ni mtu wa darasa la usiku, nilihitimu kwa taa ya kandili na moshi wake ninao kifuani mpaka leo, kwa hiyo mkiona neno limepinda, laumuni kandili.

Habari za vibali na mihuri naziruka. Hizo ni za makarani, wazisimulie wenyewe.

Mbeya

Mimi na Koplo Hamisi tulikuwa pamoja Uhabeshi katika gari jepesi la deraya. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, dereva, mwili kama ghala la mahindi na sauti nyembamba kama ya mtawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa mpiga bombomu mikanda ya risasi na kulinywesha gari maji. Nyumbani niliandika kwamba dereva ni mimi. Hilo nalitubu mapema ili tusilikute njiani.

Gari jepesi la deraya si kifaru. Bati lake linazuia risasi ya bunduki, basi. Ukija mzinga, hilo ni debe na ninyi ni dagaa. Kazi yake ni kutangulia. Malori ya askari yanabaki nyuma, ninyi mnakwenda mbele peke yenu kumtafuta adui, na dalili ya kuwa mmempata ni kwamba anawapiga. Mkibaki hai mnarudi kutoa habari. Ndani joto la kuivisha mkate, na dunia unaiona kupitia ufa mwembamba kama wa sanduku la sadaka. Nilisali humo sala ambazo padri mwenyewe hazijui.

Mtaliano naye alikuwa na yake. Mengi yalikuwa malori tu, yamepigiliwa mabati na mtu mwenye haraka. Lakini lilikuwepo moja lililotutesa siku nyingi katika barabara za milimani. Linatokeza kwenye kona, linatema risasi, ninyi mkijiandaa kulijibu limekwisha ondoka, na halikugeuka! Linarudi kinyumenyume kwa mbio zile zile lilizojia. Tuliapa ni uchawi. Kumbe lina usukani wa mbele na usukani wa nyuma, na madereva wawili waliopeana migongo. Siku petroli ilipowaishia, wenyewe waliruka wakakimbia kwa miguu, nasi tukalichukua.

Vita vya kule vilipotulia, wakubwa wakataka gari hilo litembezwe Tanganyika, vijana walione wapate hamu ya kujiandikisha, halafu lipakiwe melini Kipili, lipelekwe Kigoma, na mwisho livushwe kwa Wabelgiji ng'ambo ya ziwa, kwa sababu nao walipigana na Mtaliano. Ndani, penye kila mpini, palikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye maandishi. Kapteni wetu akauliza, "Nani anaweza kusoma Kitaliano?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Mimi ni mtoto wa misheni, nimeitikia misa ya Kilatini tangu sijang'oa meno ya utoto. Nikasema moyoni, Roma ni Roma. Wapi! Vibao vile nilivitazama kama mbuzi anavyotazama kalenda. Lakini mkono ukishapanda, kuushusha ni kazi. Nikamwambia Hamisi kwa sauti ya mahubiri, "Mpini huu wa kulia kwako ni breki ya akiba. Na huu wa chini, katikati, ni kufuli la kofia ya bunduki, ile inayozunguka juu. Huo usiuguse kabisa."

"Ahsante, mtani," akasema. "Kusoma ni jambo zuri."

Jumanne asubuhi tulipokuwa tunajaza maji kuondoka Mbeya, ikaja simu ya maandishi kutoka Tabora, jina la Hamisi juu yake. Yeye hasomi. Akanipa. Yalikuwa maneno manne: MAMA TAABANI NJOO UPESI.

Nilimtazama. Alikuwa anafuta kioo cha taa, anaimba kidogo.

"Wanasemaje?"

"Mama anaumwa kidogo," nikasema. "Anakusalimu. Ukipata nafasi, uende."

"Alhamdulillahi. Mama yangu kwa kuumwa kidogo! Kila mavuno yakiingia anaumwa kidogo, mpaka wenzake wamalize kupepeta." Akaitia ile karatasi mfukoni, akaendelea kuimba.

Nilijiambia nimefanya hivyo asije akaendesha huku analia, maana barabara ile ni mbaya hata kwa mwenye macho makavu. Sababu ya kweli ni kwamba sipendi uso wa mtu ubadilike mbele yangu. Napenda watu wacheke. Halafu nikajipa moyo: Kapteni alikuwa ameahidi kwamba Hamisi atapanda meli pamoja na gari, na likizo yake itaanzia Kigoma, kutoka pale ni treni mpaka Tabora. Meli ingepita Kipili Alhamisi ya wiki iliyofuata, ikiondoka saa sita mchana, na isingerudi mpaka wiki mbili. Tukiiwahi, nikasema, hakuna kilichoharibika.

Basi tangu saa ile nilisafiri na meli tumboni.

Mto Momba

Mpaka Tunduma hatukupata baya, isipokuwa mvua, matope, na wazee wawili waliotuuliza kama Mtaliano ameshinda. Kapteni alikuwa mbele na gari lake dogo. Tukakunja kuelekea Ufipa, na Alhamisi mchana tukafika Momba.

Daraja lilikuwa la magogo, na maji yalikuwa yameng'oa magogo matatu ya katikati. Msimamizi wa daraja, mtu mfupi mwenye kofia ya mkonge, alilizunguka gari letu mara mbili, akaligonga kwa kidole.

"Lina uzito gani?"

"Tembo watatu," nikasema, "na mmoja ana mimba."

"Basi ni Jumamosi," akasema. "Tembo mwenye mimba simpitishi juu ya magogo mabovu."

Jumamosi! Hamisi akapokea habari hiyo kama mtu aliyepewa zawadi. Akaomba ndoana kwa wanawake wa kijiji cha pale, akakaa ukingoni akavua. Mimi nikavua shati nikaingia kazini na vibarua wa daraja. Nilibeba magogo kama mtu aliyeahidiwa mke. Vibarua walikataa kukaa karibu nami siku ya kwanza. Rangi ya gari ilikuwa bado ya Mtaliano, wakadhani sisi ni mateka tunaopelekwa kufungwa, na mimi nafanya kazi kwa bidii ili nipunguziwe adhabu. Hawakukosea sana.

Jioni mama mmoja alituletea ugali wa ulezi na kumbikumbi waliokaangwa, wanang'aa kwa mafuta yao wenyewe. Hamisi alikuja na kambale mkubwa kama mkono, akamchoma, akanimegea pande la tumboni.

"Mtani, una nini? Kule Uhabeshi ulikuwa mvivu wa kupendeza. Sasa unabeba miti kama siafu."

"Naogopa kuikosa meli."

"Meli ya nani? Meli ni ya wakubwa. Kula samaki."

Nilikula. Sijapata kumeza samaki mwenye miiba mingi kama yule, na kambale hana miiba.

Sumbawanga

Tulivuka Jumamosi alasiri, daraja likilia chini yetu, mimi nikilia juu yake. Jumapili watu walipokuwa wanatoka misa tukaingia Sumbawanga. Wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo msinibishie. Mji mzima ulikuja. Ubishi ulikuwa mmoja tu: mbele ya gari ni wapi.

"Kichwa ni huku, penye taa!"

"Taa ziko pande zote mbili, wewe!"

"Basi ni gari la watu wawili waliogombana," akasema shangazi yangu Veronika, na mji wote ukacheka. Halafu akanipigapiga begani mbele ya watu. "Huyu ndiye analiendesha. Aliniandikia mwenyewe."

Hamisi alinitazama kutoka kwenye tundu lake. Nikajua nimekwisha. Lakini akainama kidogo, akasema, "Kweli, shangazi. Mimi napanguza vioo tu." Huyo ndiye Hamisi. Na mimi nilikuwa nimelala juu ya simu ya mama yake kama kuku juu ya yai viza.

Kapteni alihutubia, akatuambia anatangulia Kipili kuandaa gati, tumfuate mara moja. Ilikuwa saa nane mchana, bado mwanga wa kutosha. Lakini shangazi alikuwa ameandaa. Alikuwa amempeleka jogoo wake mapema Majengo kwa yule mwenye duka la vitambaa, akachinjwe Kiislamu, ili mgeni ale bila wasiwasi. Utamwambia nini mtu kama huyo?

"Shikamoo shangazi, tunashukuru, lakini tuondoke," nikasema.

"Uondoke na jogoo yuko chunguni? Vita vimekufundisha utovu wa adabu?"

Nikamvuta Hamisi kando. "Twende sasa hivi. Nakuomba."

"Leonsi," akasema, na jina langu hulitaja akiwa hana utani, "huyu mama amehangaika kwa ajili yangu. Tutaondoka kesho alfajiri. Hakuna mtu anayekufa."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Shangazi akatuita mezani. Hamisi alikula vipande vitano, akamwombea dua. Mimi, ninayejulikana kwa kula, nilikula shingo.

Njia ya Kate

Jumatatu mvua ilianza kabla yetu. Nyanda zetu mnazijua: vilima vya majani visivyo na mti wa kujificha, upepo unaopita hadi kwenye mifupa, na udongo ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Tulikwenda mwendo wa konokono mwenye busara. Kwenye saa tisa, tukikaribia Kate, tukaanza kuteremka kilima kirefu, na gari likaanza kuserereka.

"Breki hazishiki!" Hamisi akapiga kelele. "Navuta ile ya akiba!"

Nilitaka kusema usivute. Naapa nilitaka. Akavuta.

Mpini ule haukuwa breki hata kidogo. Ulikuwa unayafungua magurudumu ya nyuma ili nayo yakate kona. Nyuma ya gari ikageuka kama mkia wa mamba, tukatoka barabarani ubavuubavu, tukapanda intumba moja, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja ikatuzuia. Kwa wageni nieleze: intumba ni yale matuta yetu ya mviringo, tunayofukia majani yaoze yawe mbolea. Mwenye shamba alitoka kibandani, akatazama matuta yake, akatazama bunduki mbili, akachagua kuzungumza na matuta.

"Poleni," akayaambia. "Vita vimewafikia."

Chini ya gari, fimbo ya chuma inayounganisha usukani wa mbele na magurudumu ilikuwa imepinda na kupasuka. Hamisi aliishika, akatikisa kichwa.

"Breki ya akiba ya Mtaliano ni ya ajabu," akasema taratibu.

"Labda imeharibika," nikasema.

Mwenye shamba akatuambia yuko mhunzi kijiji cha pili, Mzee Kasonso. Tukalala pale pale kwenye mahindi, na Jumanne asubuhi tukaifungua ile fimbo, tukaibeba kama jeneza.

Kwa mhunzi

Mzee Kasonso ni mdogo wa mwili, ana ugoro puani na hasira za karibu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia akiitazama fimbo, si sisi.

"Chuma kimechoka," akasema. "Ninyi vilevile. Nitakiunga. Moto mtauvukuta wenyewe, mmoja mvukuto huu, mmoja ule. Ila kwanza semeni."

"Tuseme nini, mzee?" Hamisi akauliza.

"Mwenye neno juu ya mwenzake alitoe. Baba yangu aliyeyusha chuma katika tanuru refu kuliko watu wawili. Mafundi wakiwa na ugomvi au siri, mawe yanayeyuka yanatoka makapi. Matanuru yamekufa, majembe siku hizi yanatoka dukani, lakini moto ni ule ule. Mtu mwenye jambo havukuti kwangu."

Hamisi akacheka. "Mimi ninalo. Mtani, ile asali yako ya Uhabeshi niliyosema imeibwa na nyani. Nyani ni mimi."

"Nimekusamehe," nikasema.

"Na wewe?" mzee akanigeukia.

"Mimi sina."

Akanitazama kwa muda wa kuvuta ugoro mara mbili. Halafu akaweka koleo chini. "Chukueni fimbo yenu. Fuawe hii ya kufulia chuma nimerithi. Siwezi kuivunja kwa ajili ya gari la watu."

Jamani, nimepigwa risasi na Mtaliano nikiwa ndani ya debe. Sikuogopa kama pale. Nikakaa chini kwenye makaa.

"Kitaliano sikijui," nikasema. "Sijui hata herufi moja ilivyo huko kwao. Ile mipini niliibuni."

"Hilo nililijua kwenye matuta," Hamisi akasema, anatabasamu bado.

"Na simu ya mama."

Tabasamu likabaki usoni lakini yeye mwenyewe akatoka. "Simu ya mama imefanya nini?"

"Sikukusomea ilivyo."

Akaitoa mfukoni, imelowa na kukunjamana, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kitu kitakatifu. "Soma. Maneno yenyewe."

"Mama taabani. Njoo upesi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Ilikuja Jumanne," akasema. "Leo ni Jumanne. Pale Mbeya yalikuwepo malori ya kwenda Itigi kwenye treni, ningemwomba Kapteni ruhusa." Akaangalia mikono yake. "Nimevua samaki, Leonsi. Siku mbili nimekaa mtoni navua samaki."

Akakaa kwenye mvukuto wake, akaanza. Moto ukanguruma. Mimi nikashika wangu, na kwa saa nyingi nyundo ndiyo iliyosema.

Jumatano mzee alikuja nasi kuifunga fimbo. Akauliza mipini mingine inafanya nini. Tukasema hatujui. "Basi tujue," akasema. Yeye hasomi, lakini alilala chini ya gari, akashika kila chuma kwa vidole kuanzia kwenye mpini mpaka mwisho wake, kama mtu anayefuata mzizi wa muhogo. Ule wa kulia akauonyesha wazi: magurudumu ya nyuma. Ule wa katikati, niliouita kufuli la kofia ya bunduki, akaufuata mpaka kwenye gia, akatoka na tope usoni.

"Huu unahamisha gari," akasema. "Ukiuvuta, anayetawala ni yule wa kiti cha nyuma. Nyuma inakuwa mbele." Akamrudishia Hamisi spana. "Na hii fimbo nimeiunga vizuri. Lakini kiungo hakipendi kupigwa mara mbili."

Mteremko

Alhamisi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne tukafika ukingoni mwa nyanda, na ziwa likaonekana chini, kubwa na jeupe. Kando ya pwani kulikuwa na kitu kidogo kinachotoa moshi.

"Ndiyo?" Hamisi akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu asubuhi ile.

"Ndiyo meli."

Barabara ile inashuka kwa kukunjana kama utumbo. Kona ya kwanza tukapita. Ya pili tukapita. Ya tatu gurudumu likagonga jiwe, nikasikia mlio chini kama kidole kinachovunjika. Usukani ukazunguka bure mikononi mwa Hamisi, kisha ukarudi kwa nguvu, ukampiga kifundo cha mkono. Gari likaenda moja kwa moja, likaingiza pua katika ukuta wa udongo wa kona, likasimama. Kulia kwetu palikuwa na hewa tu, na chini ya hewa miti midogo kama majani ya chai.

Hamisi aliushika mkono wake. Ulikuwa umekaa vibaya. Hakulia kwa ajili ya mkono. Alitazama kule chini kwenye moshi.

Nikaangalia gari. Pua iko ukutani kwenye kona. Na mkia? Mkia ulikuwa unatazama sawasawa barabara inayoendelea kushuka.

"Koplo," nikasema, "Mtaliano alitengeneza gari la kukimbia. Basi tukimbie."

Tulifunga magurudumu ya mbele kwa mnyororo yasiyumbe. Nikavuta mpini wa kulia, nikavuta ule wa katikati, nikaingia kiti cha nyuma. Maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha gari mara tatu, uwanjani kambini, na mara moja kati ya hizo niligonga jiko. Hamisi alibaki kiti chake, ananipa mgongo, anaona tu kule tulikotoka. Lakini mguu wake ulikuwa kwenye breki yake, na mguu wake ni dereva kuliko mimi mzima.

"Mimi sioni," akasema. "Macho ni wewe. Sema unachokiona. Usipunguze, usiongeze."

"Sawa."

"Umbali?"

"Hatua thelathini mpaka kona. Inakata kushoto. Kuna jiwe katikati, kubwa kama..." Nikajizuia. "Kama kichwa cha mtu."

"Pita kulia kwake. Polepole."

"Upana wa kulia ni hatua moja."

"Moja kweli?"

"Haifiki. Ni nusu."

"Basi nusu. Ahsante."

Hivyo ndivyo tulivyoshuka. Nilitaja kila shimo kwa kipimo chake. Breki zilitoa moshi, shati langu ungelikamua ungejaza debe, hapana, ungejaza kikombe. Kona moja nilisema hatua ishirini zikawa kumi na tano, na Hamisi akakanyaga mpaka tukasimama gurudumu moja likiwa limekanyaga nyasi za ukingo. Akangoja nikapata pumzi.

"Samahani," nikasema. "Sikuongeza makusudi."

"Najua," akasema. "Endelea."

Kipili

Tulitoka kwenye miti ya mwisho tukiwa tumetanguliza matako, wavuvi wakaacha nyavu wakakimbia, na meli ilikuwa bado ipo. Kapteni alikuwa gatini amekunja mikono. Nahodha wa meli alishuka, akamtazama yule tembo wetu wa chuma, akautazama mnyororo wake wa kupandishia mizigo, akacheka peke yake.

"Haliingii," akasema. "Mnyororo utakatika."

"Kama gari haliendi, koplo haendi," Kapteni akasema. "Likizo yake imeandikwa pamoja na gari."

Hapo mimi, ambaye siku saba nilimficha Hamisi maneno ya karatasi moja, niliitoa mfukoni nikamwonyesha Kapteni, nikamsomea kwa sauti, maneno manne, halafu nikamwambia ilifika lini na nani aliificha. Nikaongeza kwamba kama kuna adhabu, mwenye kosa ni mimi.

Kapteni aliisoma mwenyewe. Akauangalia mkono wa Hamisi, uliokuwa umevimba kama boga.

"Huyu ni mgonjwa," akamwambia nahodha. "Anapelekwa hospitali Kigoma. Andika hivyo." Kisha kwangu, "Wewe utalilinda gari hili hapa hapa mpaka nitakaposema."

Honi ikalia. Hamisi akapanda. Nilidhani ataondoka bila neno, na ningemwelewa. Akageuka kwenye ngazi.

"Mtani! Asali nitakulipa!"

Nilikaa Kipili miezi miwili nalilinda gari ambalo hakuna mwizi angeweza kulibeba. Nilikula migebuka, wale samaki wa ziwani, mpaka nikaanza kunuka kama mgebuka. Liko pale mpaka leo, kuku wanatagia kiti cha mbele. Hiyo ndiyo habari ya gari.

Lakini najua mtauliza habari ya Hamisi, na swali hilo ndilo nililokuwa nalikwepa pale kwenye chai. Barua yake ilinifikia huko huko Kipili, imeandikwa na jirani yake. Naiweka hapa kama ilivyo:

"Leonsi, salaam. Nilifika Tabora Jumapili mchana. Mama alikuwa hai. Macho yalikuwa hayaoni lakini alinijua kwa sauti. Akaniuliza nimekuja na nini, nikamwambia nimekuja na gari la Mtaliano, kinyumenyume. Akacheka. Tulikaa naye siku nne, kisha Mungu akamchukua. Mkono unapona."

Siku nne, ndugu zangu. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu juu ya neno hilo, kwa maana mkono wangu mnaujua, unawasha kuandika arobaini. Kama ningesoma simu ile vizuri pale Mbeya zingekuwa nane, labda tisa. Lakini ni nne, na nne ndivyo nilivyoandika. Magurudumu pia ni manne.